Zafarani ya Essex na maua mengine ya Oktoba

Agosti inapoelekea ukingoni, katika maduka ya bustani ya Uingereza hutokea kioja ambacho wateja wengi hukipita bila kukitazama. Kwenye rafu ya chini, ndani ya boksi lisilo na udongo wala tone la maji, ua la zambarau iliyopauka linachomoza. Halina jani hata moja. Kiazi kilicholizaa hakijatia mzizi. Hiyo ni kolchikamu, na imechanua kwa sababu saa yake imewadia. Iwe imepandwa ardhini au bado inasubiri mnunuzi, kwake ni mamoja.

Wateja watamiminika wiki chache baadaye, wakitafuta tulipu na dafodili, maua ya Machi na Aprili. Mimea inayochanua majira ya mapukutiko haina subira hiyo. Huuzwa kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, kipindi ambacho familia nyingi za huko ziko likizo ufukweni na hakuna anayewaza kushika jembe. Ndiyo maana bustani nyingi huingia Oktoba zikiwa na majani makavu na dalia zilizoungua kwa jalidi, na wenyewe husema mwaka umekwisha.

Kwa mimea ninayoizungumzia hapa, mwaka ndiyo kwanza unaanza. Asili ya mingi kati yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, Uturuki, na ncha ya kusini ya Afrika. Kwenye nchi za Mediterania adui wa mmea si baridi bali ni kiangazi: miezi mitatu au minne ya jua kali bila mvua. Mmea hujificha chini ya ardhi na akiba yake, ukangoja. Mvua ya kwanza ikidondoka, unatoa ua haraka, kabla hata ya majani, ili uwahi wadudu ambao bado wanaruka. Majani yanafuata baadaye, yanakula jua la baridi lote, kisha yanakauka kabla joto halijarudi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Nani hajaona, mvua za kwanza zikishanyesha, ua jekundu la duara likichomoza chini ya mti mahali palipokuwa pakavu wiki moja nyuma, shina tupu, majani yakija nyuma yake? Anayetatizika ni mkulima wa maua wa Uingereza, maana kwake mvua hunyesha mwezi wowote, Julai ikiwemo. Vitabu vya bustani humwambia kwa kirefu achimbe shimo la kina gani. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza kuuliza si kina. Uliza kitunguu hicho kimetoka wapi, na huko kwao mvua ilikuwa ikinyesha lini.

Nasema kitunguu kwa urahisi tu. Nerini, ua nitakalolifikia mbele, ni kitunguu kweli, maganda juu ya maganda, lakini zafarani na kolchikamu ukizikata utakuta nyama tupu kama gimbi.

Tuanze na zafarani, kwa kuwa ndiyo inayojulikana jikoni kwetu. Kaskazini-magharibi mwa Essex kuna mji mdogo uitwao Saffron Walden. Zamani uliitwa Chipping Walden. Jina la sasa lilitokana na zao hili, ambalo katika karne ya 16 lilistawi pale kiasi cha kuulisha mji. Zafarani ilitakiwa na wapaka rangi vitambaa, waganga na wapishi. William Harrison, mchungaji wa kijiji jirani cha Radwinter, alieleza kwa kina kazi ya zao hilo katika kitabu chake kuhusu Uingereza kilichotoka mwaka 1577: jinsi viazi vinavyong'olewa na kupandwa upya, jinsi maua yanavyochumwa alfajiri, na jinsi nyuzi zinavyokaushwa juu ya tanuru ndogo zenye moto wa taratibu hadi zikashikamana kuwa mikate. Hata London pana mtaa uitwao Saffron Hill, ambako palikuwa na bustani za askofu wa Ely.

Ipo hadithi kwamba zafarani iliingia Uingereza na hujaji mmoja aliyeificha ndani ya fimbo yake iliyotobolewa, akihatarisha maisha yake. Richard Hakluyt aliiandika hadithi hiyo katika karne hiyo hiyo ya 16. Mtu anaweza kucheka: kiazi kimoja kijaze wilaya nzima? Lakini hesabu haiikatai. Kiazi cha zafarani hufa kila mwaka na kuacha watoto kadhaa. Ukichukulia watoto 3 kwa mwaka, miaka 10 inakupa viazi 59,049. Wala hakuna njia nyingine ya kuizidisha. Zafarani ina seti 3 za kromosomu, kwa hiyo haizai mbegu kabisa. Kila zafarani iliyopo duniani, iwe Khorasan ya Iran, Pampore ya Kashmir au La Mancha ya Hispania, imepitishwa mkononi na binadamu, kiazi kwa kiazi, tangu zamani. Na binadamu alianza mapema: katika kisiwa cha Thera, Ugiriki, michoro ya ukutani ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopita inaonyesha wanawake wakichuma maua hayo.

Kwa nini Essex? Ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua chache zaidi nchini Uingereza, na udongo wa chaki wa Walden haushiki maji. Ule ndio mfano wa karibu zaidi wa kiangazi uliokuwepo. Hata hivyo zao lilififia, na karne ya 18 ilipokwisha lilikuwa limetoweka. Mikono ya kuchuma ilikuwa ghali na zafarani ya nje ilikuwa rahisi. Miaka ya karibuni wakulima wachache wamelirudia katika vipande vidogo vya shamba, na gramu yao huuzwa kwa bei ya kushtua.

Anayetaka kuipanda nyumbani hukutana na fumbo moja. Mwaka wa kwanza maua yanatoka vizuri. Wa pili yanapungua. Wa tatu ni majani matupu, membamba kama nyasi. Watu hulaumu mbolea, hulaumu panya, huwalaumu waliowauzia. Sababu yenyewe iko kwenye joto. Watafiti nchini Hispania walionyesha kwamba chipukizi la ua hujengeka ndani ya kiazi wakati wa kiangazi, likihitaji nyuzijoto kati ya 23 na 27, na kisha huhitaji ubaridi wa nyuzijoto 17 hivi ili litoke nje. Udongo wa Uingereza, sentimita 15 kwenda chini, ni nadra kufika 23 na kukaa hapo wiki kadhaa. Mwaka wa kwanza mkulima anavuna kiangazi cha nchi kilikotoka kiazi. Baada ya hapo inambidi atengeneze cha kwake.

Wanaofaulu hufanya hivi. Wengine hupanda kwenye tuta lililoinuliwa, lililochanganywa kokoto ndogo, upande unaotazama kusini, mahali ambapo hakuna kivuli hata cha saa moja. Wengine hupanda kwenye vyungu, na Juni majani yakishakauka huviingiza kwenye banda la kioo, wasimwagilie tena hadi mwisho wa Agosti. Wapo pia wanaong'oa viazi na kuviweka kwenye chumba chenye joto. Vikipandwa Agosti huzikwa sentimita 10 hadi 15. Vikikaa juu juu hujigawa kuwa vingi vidogo, na kiazi kidogo, tuseme chini ya gramu 8, mara nyingi hakitoi ua. Majani hukaa tangu Novemba hadi Mei, na mwenye bustani asiyejua huyafyeka akidhani ni magugu. Akiyafyeka, amekata chakula cha mwaka unaofuata.

Siku ya kuchuma huja Oktoba, bila taarifa. Ua lililokuwa limefungwa jana jioni asubuhi limefunguka: petali 6 za zambarau zenye mishipa ya rangi iliyokolea, stameni 3 za manjano zilizosimama, na katikati nyuzi 3 nyekundu, ndefu kupita kiasi, zimelegea na kuning'inia nje kati ya petali. Ua zima huchumwa kabla jua halijapanda. Mezani, unashika nyuzi zote 3 kwa pamoja na kuzikata pale wekundu unapogeuka kuwa njano. Vidole hubaki na rangi hadi jioni. Zikikaushwa kwa joto la chini hupoteza karibu sehemu 4 kati ya 5 za uzito wake, na harufu yake huiva zikikaa kama mwezi mmoja ndani ya chupa gizani.

Inachukua maua kama 150 kupata gramu moja. Tuta la viazi 50, kila kimoja kikitoa ua moja au mawili, litakupa nusu gramu hivi kwa mwaka mzima. Kwa familia ya Mombasa au Unguja iliyohamia Leicester, hiyo ni zafarani ya biriani ya Idi na kidogo ya halua, si zaidi. Iran hutoa karibu asilimia 90 ya zafarani ya dunia, na hakuna bustani ya nyuma ya nyumba itakayoshindana nayo kwa bei. Faida iko kwingine: unajua ulichonacho. Pwani yetu zafarani si kiungo tu. Ndiyo wino wa kombe, ikichanganywa na marashi ya waridi na kuandikiwa aya kwenye sahani, na mgonjwa akanyweshwa. Kwa kazi kama hiyo mtu hapendi kuuziwa nyuzi za mahindi zilizopakwa rangi. Kipimo cha haraka ni maji ya uvuguvugu: zafarani ya kweli hutoa njano polepole na uzi wenyewe ukabaki mwekundu, ya bandia huachia rangi papo hapo na kubaki imepauka.

Hapa ndipo tahadhari inapokuja. Kolchikamu, lile ua la kwenye boksi, linafanana na zafarani kiasi kwamba Waingereza wa zamani waliliita zafarani ya malishoni. Usile kitu bila kuhesabu stameni. Zafarani ina 3. Kolchikamu ina 6. Mmea wote wa kolchikamu ni sumu, kuanzia kiazi hadi mbegu, na sumu hiyo, kolchisini, husimamisha mgawanyiko wa seli mwilini. Mtu hajisikii vibaya mara moja. Saa kadhaa hupita, kisha kutapika na kuharisha, na baadaye viungo huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Ajali nyingi hata hivyo hazitokei Oktoba bali majira ya kuchipua, majani yake mapana yanapotoka bila ua. Huko Ujerumani, Austria, Uswisi na Kroatia watu hupenda kuchuma kitunguu saumu mwitu msituni, majani yakafanana, na vifo vimeripotiwa mara nyingi. Majani ya kitunguu saumu yana harufu yake, lakini mkono ulioshika majani 10 ya kitunguu saumu hunukia kitunguu saumu hata ukishika la 11 lenye sumu.

Sumu hiyo hiyo ni dawa ya jongo, iliyotumika tangu enzi za waganga wa Bizanti na wa Kiarabu. Mwaka 1820, jijini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou waliitenga kutoka kwenye mmea. Ni watu wale wale ambao mwaka huo huo waliitenga kwinini kutoka gome la sinkona. Karne ya 20 ikaja na matumizi mengine: kolchisini ilipogundulika kuwa huongeza maradufu kromosomu za mimea, wazalishaji wa mbegu waliitumia kutengeneza tikiti maji lisilo na kokwa. Kwetu Afrika Mashariki kolchikamu hii haioti, lakini ndugu yake yupo: ule mtambaazi wa vichakani wenye petali nyekundu na njano zilizojikunja juu kwa mawimbi, gloriosa. Ni wa ukoo mmoja, na mzizi wake una sumu hiyo hiyo. Wazee waliotukataza kuuchezea walijua.

Kama mmea wa bustani, kolchikamu ndiyo rahisi kuliko yote humu. Aina ya autumnale huota yenyewe kwenye malisho yenye unyevu ya Uingereza na Ulaya, kwa hiyo mvua ya Julai haiitishi. Hapa hakuna kiangazi cha kutengeneza. Panya na kindi, ambao humaliza viazi vya krokasi, jamii ya zafarani, usiku mmoja, hawaigusi. Kasoro zake ni mbili. Ua halina jani la kuliegemeza, mvua kubwa ikinyesha linalala chini na kuchafuka matope. Ndiyo maana inafaa kupandwa katikati ya nyasi au mimea ifunikayo ardhi. Na majani ya Aprili ni makubwa, hukaa hadi Juni yakigeuka manjano, yakiwa yamewafunika majirani wadogo. Aina iitwayo Waterlily, yenye petali nyingi zilizorundikana, huanguka zaidi ya zote, lakini bado inapendwa. Mimi naona imezidishwa mapambo.

Nerini ni kesi nyingine kabisa, na ndiyo inayoharibu kanuni ya wale wanaodhani kila kitunguu cha Oktoba kinataka kukaushwa kiangazi. Aina ya bowdenii ilitoka upande wa mashariki wa Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha majira ya joto. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpima ardhi Athelstan Cornish-Bowden aliipeleka kwa mama yake, Newton Abbot katika jimbo la Devon, na ua likachukua jina la ukoo wao. Majani yake huota majira ya kuchipua na kunyauka mapukutiko yanapoingia, ndipo shina la maua linapotoka, waridi kali, petali zimepinda kingo, wakati bustani nzima imekuwa kahawia. Inataka jua na ukuta wa kusini nyuma yake, lakini maji ya Julai ni ya kawaida kwake. Hupandwa shingo ya kitunguu ikichungulia juu ya udongo. Baada ya hapo iache. Vitunguu vikibanana hadi kusukumana kutoka ardhini ndipo vinachanua sana, na anayevitenganisha kwa huruma hupoteza maua kwa misimu kadhaa.

Nduguye sarniensis alipotambulika Ulaya alidhaniwa ni Mjapani. Ilisemekana meli kutoka Mashariki ilivunjika karibu na kisiwa cha Guernsey, vitunguu vikasukumwa ufukweni, vikaota mchangani. Ndipo akapewa jina linalotokana na Sarnia, jina la Kilatini la kisiwa hicho. Baadaye ikajulikana kwao ni Table Mountain, juu ya Cape Town. Huko mvua ni ya majira ya baridi, kwa hiyo huyu majani yake hukua jalidi ikianguka, na Uingereza hawezi kuishi nje; anataka banda la kioo. Ndugu wawili, bara moja, lakini kalenda zao za mvua zimepishana.

Siklameni aina ya hederifolium imelitatua tatizo la kiangazi kwa njia ambayo mwenye bustani hahitaji kuigharimia. Huota chini ya miti mikubwa. Mizizi ya mti hunyonya maji yote ya Julai, ardhi inakuwa kavu hata mvua ikinyesha, na pale ambapo nyasi zimeshindwa siklameni inastarehe. Maua yake madogo, waridi au meupe, petali zimepinduliwa nyuma, huanza Agosti. Majani yenye madoa ya fedha hufuata na kupamba baridi yote. Wengi huzika kiazi chake kichwa chini miguu juu, kwa sababu mizizi ya aina hii hutoka juu na ubavuni, kinyume cha matarajio. Ua likishachavushwa, shina lake hujizungusha na kulishusha tunda hadi ardhini. Mbegu zina utelezi mtamu, sisimizi huzibeba, hula utelezi na kuziacha mbegu njiani. Ndiyo sababu siklameni mpya huonekana ghafla katikati ya mawe ya ngazi. Kiazi kinaweza kuishi miongo mingi na kufikia upana wa sahani.

Ukubwa huo ulikuwa balaa kwake. Kwa miaka mingi viazi vya siklameni, pamoja na stenbegia yenye ua la manjano ya kung'aa, vilichimbwa porini Uturuki kwa magunia na kuuzwa Ulaya. Leo jamii zote mbili zimo kwenye orodha ya mkataba wa CITES, na biashara yake hudhibitiwa. Mnunuzi makini huchagua mche wenye majani kwenye chungu, uliooteshwa kwa mbegu kitaluni, badala ya kiazi kikavu kikubwa kisichojulikana kilipotoka. Mche mdogo hushika haraka zaidi pia. Kiazi kilichokauka sana kinaweza kulala mwaka mzima.

Kwa mwenye fedha kidogo na uwanja wa nyasi, iko krokasi ya speciosus, buluu yenye mishipa, rahisi na isiyo na makuu. Masharti yake yanamhusu zaidi anayeendesha mashine ya kukata nyasi: isimame tangu mwisho wa Agosti, kabla machipukizi hayajatoka, na majani yake yaachwe majira ya kuchipua hadi yafe yenyewe. Nimeona nyumba ambako hilo limezua mabishano zaidi kati ya mume na mke kuliko bajeti.

Aliyeijua mimea hii kuliko wengi alikuwa E. A. Bowles, aliyefariki 1954 na ambaye kitabu chake cha 1924 kuhusu krokasi na kolchikamu bado kinasomwa. Bustani yake, Myddelton House, iko Enfield, kaskazini mwa London, na iko wazi kwa umma. Kwa wasomaji wetu walioko London, wakati wa kwenda ni mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, asubuhi yenye jua, maana krokasi nyingi hujifunga mawingu yakitanda. Vaeni viatu vya matope.